Faranga ya Rwanda au faranga ya Burundi: ukiuza ng'ambo ushike ipi?

Sisi wa Ngara, Tanzania, tuna jambo ambalo wilaya nyingi hazina. Ukishika njia hii unatokea Rusumo unaingia Rwanda, ukishika njia ile unatokea Kabanga unavuka Kobero uko Burundi, na kote huko hela inaitwa faranga. Ndo maana kila anayeanza biashara ya kuvusha mzigo anakuja na swali lilelile, eti wakinilipa faranga nikubali ipi, nikishaishika nikae nayo siku ngapi, au niwaambie tu walete shilingi? Juzi kaniuliza mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kamaliza chuo ajira hamna kaamua kuuza mchele, nikamwambia kaa chini nikueleze maana hili halielezeki kwa simu.

Nyumbani nina makopo matatu ya Blue Band juu ya kabati. La kwanza shilingi, la pili faranga za Rwanda, la tatu faranga za Burundi. Kopo la shilingi nalijaza na kulipunguza kama mtu yeyote. La Rwanda linaweza kukaa wiki mbili hata tatu nisiliguse na silali macho wazi. La Burundi lazima liwe tupu kabla jua halijazama, na likibaki na kitu basi ujue siku hiyo nilizidiwa. Sio kwamba nawachukia Warundi, nusu ya ukoo wetu uko kule, ila hela yao ina mambo yake na nitakueleza yameanzia wapi.

Watu wengi hawajui kwamba hizi faranga mbili ni pacha kabisa, zilizaliwa tumbo moja. Wakati wa Mjerumani Rwanda na Burundi zilikuwa sehemu moja na Tanganyika, hela ilikuwa rupia, na kuanzia 1904 rupia moja ikawa na hela mia, yaani heller ya Kijerumani, neno ambalo sisi tumebaki nalo tunaita hela na Warundi nao wanasema amahera mpaka leo. Mbelgiji alipoingia 1916 akaleta faranga yake ya Kongo, ikatumika Ruanda-Urundi miaka yote hiyo. Kongo ilipopata uhuru 1960 Rwanda na Burundi wakawa hawana benki, ikaanzishwa benki moja ya kutoa noti za Rwanda na Burundi kwa pamoja, na hata baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, nchi zote mbili siku moja, wakaendelea kutumia noti ileile. Mwaka 1964 ndo wakaachana, kila mmoja akafungua benki kuu yake. Kipindi cha mwanzo walichukua zile noti za zamani wakazigonga muhuri juu yake, kama ndugu wanaogawana vyombo vya marehemu.

Sasa hapa ndo pa kukaa kwa makini. Siku wanaachana, faranga 50 ilikuwa dola moja kwa wote. Burundi akaanza kushusha, Januari 1965 ikawa 87.5. Rwanda akafuata 1966 ikawa 100 kamili. Halafu wakatulia miaka na miaka, mpaka kati ya 1976 na 1983 unakuta Burundi iko 90 na Rwanda iko 92 na kitu, yaani karibu sawasawa, na hapo kwa karatasi faranga ya Burundi ndo ilikuwa nzito kidogo kuliko ya Rwanda, ukimwambia kijana wa leo anadhani unamtania.

Wote wawili walikuwa wanaishi kwa kahawa, na mkataba wa dunia wa bei ya kahawa ulipovunjika 1989 wote wakaumia. Rwanda ikashusha thamani kwa nguvu Novemba 1990, vita ikiwa imeshaanza mwezi mmoja nyuma, ikashusha tena 1992. Burundi nayo ikawa inateremka taratibu. Ikaja 1993 Rais Ndadaye akauawa Bujumbura, ikaja 1994 kule Rwanda, hayo wote mnayajua na sisi wa Ngara tuliyaona kwa macho, mwisho wa Aprili ile watu kama laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi wakajaa kambi ya Benaco.

Mama mdogo alikuwa anauza maandazi Benaco. Alikuwa anauza kwa faranga za Rwanda kwa sababu wakimbizi ndo hela waliyokuwa nayo, akawa anazikunja anaweka kwenye mfuko wa khanga anasema nitabadilisha zikijaa. Serikali iliyokimbia ilikuwa imebeba manoti kibao ikaenda nayo Zaire, kwa hiyo serikali mpya Kigali ikafanya jambo ambalo ungelifanya hata wewe, mwanzoni mwa 1995 ikatoa noti mpya na zile za zamani zikawa karatasi. Mama mdogo alibaki na bunda zima. Mpaka leo akisikia neno faranga anakunja uso, na mwanae ndo huyu anayetaka kwenda kuuza mchele, nilicheka sana.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi imewahi kuwaua watu ghafla, jibu ni zote mbili. Rwanda 1995, Burundi 2023. Hiyo ya 2023 ilinikuta mimi mwenyewe nitaisimulia.

Turudi kwenye reti maana hapa kuna kitu nimekigundua nikiwa napiga hesabu zangu. Mwaka 1996 dola moja ilikuwa karibu faranga 300 Rwanda na karibu 300 Burundi, bado pacha hata baada ya yote yale. Mwaka huohuo Julai Buyoya akapindua serikali Burundi, majirani wakakutana Arusha wakamwekea vikwazo, sisi Tanzania tukiwemo, mpaka umefunga, mafuta hayapiti, kahawa haitoki, na vikwazo vikakaa mpaka Januari 1999. Kufika mwaka 2000 Rwanda ilikuwa dola moja kwa 390 hivi, Burundi 720. Miaka minne tu! Pacha wameachana hapo, na sehemu ya kazi hiyo tuliifanya sisi kwenye mageti yetu ya Kabanga na Manyovu, sisemi tulikosea wala tulipatia, nasema tu ndo ilivyokuwa.

Tangu hapo angalia. Mwaka 2010 Rwanda 580 na kitu, Burundi 1,230. Mwaka 2020 Rwanda 940, Burundi 1,915. Mwaka 2025 Rwanda kati ya 1,400 na 1,450, Burundi kama 2,950. Gawanya uone, kila mara inakuja mbili na kidogo. Robo karne nzima kwa reti ya serikali faranga moja ya Rwanda ni mbili za Burundi, kama vile wamefungwa kamba. Ukiishia hapo utasema basi zote zinashuka mwendo mmoja, niwe na ya Rwanda niwe na ya Burundi tofauti hakuna, ni kuzidisha mara mbili tu.

Sasa nenda Kobero na faranga elfu moja ya Rwanda uone kama kuna mtu atakupa elfu mbili za Burundi. Mwaka 2025 alikuwa anakupa elfu tano na bado anakushukuru. Hiyo elfu tano ndo ilikuwa bei yenyewe, ile elfu mbili ni ya kwenye karatasi ya benki kuu.

Tofauti kubwa ya hizi hela mbili iko hapo, mengine yote ni mapambo. Rwanda ina reti moja. Reti ya benki kuu Kigali, ya benki ya kawaida, na ya yule wa duka la kubadilishia pale Rusumo zinapishana kidogo tu, faranga kumi ishirini, hiyo ni riziki yake anayebadilisha. Hela yao inashuka, tena miaka ya 2022 mpaka 2024 ilishuka vibaya, lakini inashuka hadharani na mlango uko wazi, ukitaka dola unapata dola, ukitaka shilingi unapata shilingi, wanakupa na risiti. Burundi ina reti mbili. Ya serikali mwaka 2025 ilikuwa 2,900 na kitu, ya mtaani ilivuka 7,000.

Weka kwenye hesabu ya gunia. Tuseme dola ni shilingi 2,600 ili tusisumbuane. Umeuza mchele Rwanda ukapata faranga milioni moja, kwa 1,440 hiyo ni kama dola 694, kama shilingi milioni 1 na laki 8. Umeuza Burundi ukapata faranga milioni moja, ukiangalia kwenye simu yako ile programu ya kubadili fedha itakwambia ni dola 339, kama shilingi laki 8 na elfu 80, unafurahi unapiga hesabu ya bati. Ukifika kubadilisha unakuta ni dola 143, shilingi laki 3 na elfu 70. Laki tano zimeyeyuka na hakuna aliyekuibia. Vijana wengi wanaanza biashara ya Burundi wanafilisika mzigo wa kwanza kwa sababu hiyo tu, wamepanga bei kwa kuangalia simu.

Kwa nini iko hivyo? Dola hamna. Baada ya mgogoro wa 2015 wafadhili wakakata misaada, Ulaya ndo wakafungua tena 2022, na nchi yenyewe inauza nje kahawa, chai na dhahabu kidogo wakati inanunua mafuta, dawa, mbolea, saruji, kila kitu. Akiba ya fedha za kigeni ilishuka mpaka ikawa haitoshi kununua mahitaji ya mwezi mmoja, wakati Rwanda huwa inabaki na ya miezi minne hivi. Sasa kama dola ni chache ila serikali inasema bei yake ni 2,900, anayezipata kwa bei hiyo ni mwenye foleni yake benki, wewe na mimi tunaenda kwa anayenong'ona. Februari 2020 wakafunga maduka yote ya kubadilishia wakidhani ndo wanaipandisha faranga, wapi, watu wakahamia kwenye magari na vibaraza, wakayafungua tena 2022. Mei 2023 wakashusha faranga kwa mpigo, kutoka elfu mbili na themanini hivi kwenda elfu mbili mia nane, IMF wakafurahi wakatoa mkopo Julai, tukasema sasa reti mbili zitakutana. Zilikaribiana kwa muda, halafu ya mtaani ikakimbia tena ikaacha ya serikali imekaa kibarazani.

Nitasema na hili ili tusiwacheke. Tanzania tuliyapitia haya haya. Mwaka 1966 shilingi yetu ilianza kwa 7 na senti 14 kwa dola. Mwaka 2025 ilikuwa 2,600 au hapo karibu, yaani imeporomoka mara 360 na zaidi, wakati faranga ya Rwanda tangu 1964 imeporomoka mara 29 tu, na ya Burundi hata kwa reti ya mtaani ni mara 140. Kwa hesabu hiyo yenye kushuka kuliko zote ni ya kwetu! Na wazee wetu wanaikumbuka 1985, dola ya benki shilingi 16 na nusu, ya mtaani nyingine kabisa, sabuni na sukari za kupanga foleni, watu wanakamatwa kwa uhujumu uchumi. Mwaka 1986 serikali ikanyanyua mikono, mwisho wa mwaka dola ikawa 50 na kitu, mwaka 1992 wakaruhusu maduka ya kubadilishia, na reti ya magendo ikafa yenyewe bila mgambo. Burundi ya leo mimi naiona kama Kigoma ya 1985, na ndo maana siwezi kuweka akiba kwa hela yao, sio kwamba nchi haitapona, ila siku wakiamua kuipeleka reti ilipo kweli, aliyeshika noti ndo analipa.

Haya nisimulie ya Juni 2023. Nilikuwa nimeuza mzigo wa mahindi upande wa pili, nikachelewa kuchenji kwa sababu yule mama ninayemuuzia alinilipa jioni na mpaka ulikuwa unafungwa. Nikasema wiki ijayo nitanunua mawese kwa hela hiyohiyo. Hela yenyewe ni noti za elfu kumi zile zenye sura ya Mwanamfalme Rwagasore na Ndadaye, nyingine za elfu tano. Katikati ya wiki natangaziwa noti za elfu tano na elfu kumi za zamani zinaondolewa, siku kumi tu, zipelekwe benki. Mimi sina akaunti Burundi. Nilikwenda kuomba nipelekewe na mtu mwenye akaunti, kila mtu ana foleni yake na kila mtu anaogopa kuulizwa umetoa wapi hela yote hii. Kuna mmoja akajitolea kuzichukua kwa nusu ya thamani, nikakataa kwa hasira, siku ya tisa nikamtafuta kwa adabu nikakuta keshajaza mfuko. Nilimuuzia dereva mmoja sehemu yake kwa bei ya aibu, zilizobaki zipo. Wajukuu wanazichezea duka, mmoja ndo benki kuu.

Kwa hiyo ukinikalisha niwalinganishe kwa mambo anayojali mfanyabiashara mdogo, iko hivi.

Kuhesabu na kubeba. Zote zinachosha. Noti kubwa ya Rwanda ni elfu tano, hiyo ni dola tatu na nusu, kwa hiyo ukiuza vizuri unarudi na furushi. Ya Burundi kubwa ni elfu kumi ila kwa bei ya kweli haifiki dola mbili, unabeba mfuko wa rambo. Sarafu Rwanda bado zinatembea, mia, hamsini, ishirini, chenji unarudishiwa. Burundi sarafu sizioni, chenji unapewa pipi au unaambiwa utachukua kesho.

Simu. Hapa Rwanda hana mpinzani. Hata mama muuza nyanya ana namba yake ya MoMo kaibandika kwenye meza, mteja anabonyeza *182# anamaliza, na wewe hela haikai mfukoni. Burundi kuna Lumicash na inatumika sana, ila imebeba faranga ileile, kuwa kwenye simu hakuibadilishi tabia.

Kununulia vitu. Hapa sasa Burundi inakuwa tamu na ndo maana siachi kwenda. Ukiwa na shilingi zako, kwa reti ya mtaani ya 2025 shilingi moja ilileta faranga mbili na nusu na zaidi, mawese ya Rumonge, maparachichi, machungwa, bia za Brarudi ukiwa mtu wa bia, vinakuja kwa bei nzuri. Bei za ndani nazo zinapanda mbio, 2025 mfumuko ulipita asilimia 40, lakini mara nyingi reti inapanda haraka kuliko bei ya mawese, na pengo hilo ndo faida ya mtu wa mpakani. Rwanda hupati hilo. Bei zao ziko juu, unaenda kule kuuza sio kununua, mimi Rwanda nimenunua labda saruji mara moja na mtungi wa maziwa wa chuma ambao haujawahi kuvuja.

Sheria. Sikufundishi kuvunja sheria ya mtu. Kubadilisha mtaani Burundi ni kosa, wanakamata na hela inakwenda, nimeona kijana analia pale kizuizini kama mtoto. Na kwetu nako tangu Machi 2025 kanuni inakataza kupanga bei au kupokea malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo dukani kwako Ngara mjini ni shilingi tu, usije ukaandika bei ya faranga ukutani kumfurahisha Mnyarwanda. Faranga ni za mauzo ya ng'ambo. Kuchenji nenda kwenye duka lenye leseni, upande wa Rwanda yapo na hayana tatizo. Faranga za Burundi mimi sijawahi kukutana na benki ya kwetu inayozipokea dirishani, wanakuangalia kama umeleta majani.

Ndo maana njia yangu ya Burundi ni mali kwa mali. Naingia na mchele asubuhi, nauza, hela ileile inanunua mawese mchana, jioni nimerudi na madumu na kopo la tatu halina kitu. Sichenji chochote, faida naihesabia kwenye mawese nikishayauza Ngara au Kahama kwa shilingi. Bei ya mchele naipanga kwa dumu, yaani gunia moja la kilo mia ni madumu mangapi, sitaji faranga kichwani kabisa, na nikikuta mawese yamepanda nami napandisha palepale. Wateja wakinikopa nakataa. Sikatai kwa roho mbaya, ila faranga laki moja ya leo baada ya mwezi siijui itakuwa nani. Ukilazimika kumkopesha Mrundi mwandikieni deni kwa shilingi au kwa kilo, na wenyewe wanalijua hilo, mashamba na nyumba Bujumbura watu wanataja kwa dola.

Rwanda nakopesha. Mwezi mmoja, miwili, kwa faranga zao, nikiongeza kidogo cha kufidia kushuka, maana kwa mwaka inaweza kushuka asilimia tano, mwaka mbaya kumi na zaidi. Hiyo unaweza kuipigia hesabu. Kushuka sio ugonjwa, ugonjwa ni kutojua kesho wataamka na tangazo gani.

Kuna watakaoniambia subiri sarafu moja ya Afrika Mashariki, haya yote yatakwisha. Itifaki ilisainiwa Kampala Novemba 2013, tukaambiwa 2024, sasa wanasema 2031. Na tangu Januari 2024 Burundi kafunga mpaka wake na Rwanda kabisa, kwa hiyo wenye ndugu na biashara pande zote mbili wanazunguka kupitia kwetu, na unawakuta Rusumo wanauliza reti ya Kabanga, na Kabanga wanauliza reti ya Rusumo, hela pacha inahitaji Mtanzania katikati ili ionane.

Mdogo wangu akaniuliza sasa shilingi je, si niwaambie wote walete shilingi nimalize? Ukipata mteja wa hivyo mshike. Ila anayekuja na shilingi anajua kaibeba hela inayotakiwa, atakubana bei, na wewe ukikubali faranga yake unaweza kumuuzia juu zaidi. Kwa Mnyarwanda tofauti hiyo haina maana, kubali faranga uende dukani ukachenji. Kwa Mrundi ni kubwa, niliwahi kuuza gunia lilelile kwa bei mbili siku moja, la shilingi na la faranga, na lile la faranga ukipiga kwa reti ya mtaani lilikuwa juu kwa elfu ishirini na zaidi. Ila lilinilazimu nikimbie kutafuta madumu kabla soko halijafungwa, na siku hiyo nilinunua mawese machafu yenye maji kwa sababu ya haraka, elfu ishirini ikaishia hapo.

Kwa hiyo nimempangia hivi. Miezi mitatu ya kwanza aende Rusumo tu, ajifunze kuuza, ajifunze kupokea kwa simu, akae na faranga wiki moja wiki mbili aone zinavyotembea. Akishaizoea hesabu ndo nitamchukua Kobero, tena kwa mzigo mdogo na dumu tupu mkononi tangu asubuhi. Kopo la Blue Band nimempa moja la kwangu. Ameniuliza mbona moja na wewe una matatu, nikamwambia la shilingi utanunua mwenyewe, na hilo jingine la Burundi hutalihitaji. Kesho saa kumi na moja alfajiri tunapakia.